Kabla Hujaifuta Windows: Je, Kadi ya Mtandao ya Kompyuta Yako Itakubaliana na Linux?



Ndugu zetu, tokea Microsoft waliposimamisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, tumekuwa tukipokea maswali mengi kuhusu kompyuta za majumbani. Wengi wetu huku visiwani tunatumia laptopu zilizokwishatumika, zinazoingia kutoka Dubai na Uingereza, na nyingi kati ya hizo haziwezi kupokea Windows 11, ama kwa sababu hazina kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, ama kwa sababu prosesa zake ni za zamani. Mzazi amesubiri zamu yake ya upatu, akamnunulia mwanawe laptopu ya kusomea, na leo anaambiwa haipokei tena marekebisho ya usalama. Akenda kwa fundi, fundi anamwambia: "Wacha hapa, jioni njoo uichukue, nitakutilia Windows nyengine." Na hiyo nyengine, aghlabu, ni nakala isiyo na idhini ya mwenyewe.

Kuhusu hukumu ya nakala hizo tumeshaulizwa mara nyingi, na hapa hatutorefusha. Majma'u ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, ilipitisha azimio namba 43 kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Wapo wanavyuoni waliolegeza katika baadhi ya hali, nao wameweka masharti yao. Lakini aliye na njia ya halali, iliyo wazi na isiyomgharimu kitu, hana haja ya kuanza kutafuta rukhsa.

Njia hiyo ni Linux. Huu ni mfumo endeshi ambao kiini chake, kiitwacho kerneli, kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ubuntu, Debian na Linux Mint ni mifumo iliyojengwa juu ya kiini hicho. Unaweza kuinakili mara mia, ukampa jirani na ukampa fundi, na wenyewe wameruhusu hilo kwa maandishi.

Makala hii hata hivyo si ya kuisifu Linux. Tunataka kuzungumzia kitu kimoja tu ndani ya kompyuta ambacho kimewarudisha watu wengi kwenye ile nakala ya fundi baada ya siku mbili: kadi ya mtandao.

Yaliyotukuta sisi

Tuliletewa laptopu tano za madrasa, zote zikiwa na Windows za kunakili. Tukaona hii ni kazi nyepesi. Baada ya Magharibi tukaanza, na kufikia Isha tulikuwa tumezifuta zote tano na kuweka Linux Mint. Skrini zinang'ara, maandishi ya Kiarabu yanaonekana vizuri, tukaenda kulala tumefurahi.

Asubuhi mwalimu akatupigia simu. Laptopu tatu zinaona waifai, mbili hazioni chochote. Si kwamba zinaikataa nywila. Hata jina la mtandao halionekani. Tukatafuta maelezo kwenye simu, tukaambiwa tupakue draiva. Kupakua draiva kunataka intaneti, na intaneti haipo kwa sababu draiva haipo. Tukampelekea fundi, akasema kadi zimekufa. Tukatoa fedha katika sanduku la madrasa, tukaagiza kadi mbili za USB kutoka Dar es Salaam, tukazisubiri karibu wiki mbili. Muda wote huo wanafunzi wa darasa la jioni walikuwa wakishirikiana laptopu tatu.

Kadi zile hazikuwa zimekufa. Tulilijua hilo baadaye, tulipojifunza haya tunayoyaandika hapa. Zilikuwa nzima kabisa, na dawa yake ilikuwa waya wa kuchajia simu na bando dogo. Zile za USB tulizinunua bila ya haja, na fedha zilikuwa za watu walizozitoa kwa ajili ya watoto wao. Bei yake tumeirudisha sandukuni kutoka mifukoni mwetu.

Jina la nje na chipu ya ndani

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kuuliza: "Je, HP inakubali Linux?" au "Je, Dell inakubali?" Swali hilo halina jibu. HP na Dell hawatengenezi kadi ya waifai. Wananunua kutoka kwa wengine na kuitia ndani. Laptopu mbili za namba moja, zilizotoka mwaka mmoja, zinaweza kuwa na kadi tafauti. Kinachoangaliwa ni chipu iliyomo kwenye kadi, na watengenezaji wa chipu hizo utakaokutana nao ni wachache: Intel, Realtek, Atheros ambayo sasa iko chini ya Qualcomm, MediaTek, na Broadcom.

Ili chipu ifanye kazi, inataka vitu viwili. Cha kwanza ni draiva, yaani programu inayokifundisha kiini cha mfumo namna ya kuzungumza na chipu ile. Katika Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli yenyewe. Hununui, hupakui, hutafuti sidii. Cha pili ni fimuwea, faili dogo ambalo draiva hulipakia ndani ya chipu kila kompyuta inapowashwa. Faili hili hutoka kwa mtengenezaji wa chipu, na mara nyingi msimbo wake haukuwekwa wazi. Hapo ndipo palipokuwa na mvutano. Debian kwa miaka mingi walikataa kulitia ndani ya flashi ya kusakinishia, kwa msimamo wao wa kutumia programu huria tupu. Mwaka 2022 walipiga kura, na kuanzia Debian 12 iliyotoka Juni 2023 fimuwea hizo zimo. Kwa hivyo akikupa mtu flashi ya Debian ya miaka ya nyuma na waifai ikakataa, tatizo huenda likawa ni uzee wa flashi tu.

Intel wamekuwa wakichangia draiva zao wenyewe kwenye kerneli, na ndio ambao hutupa taabu ndogo kabisa. Chipu za zamani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k nazo ni nzuri sana; zile zilizomo ndani ya laptopu hazihitaji hata fimuwea. Realtek na MediaTek zinategemea ni ya lini. Broadcom ndiyo iliyotuliza sisi.

Angalia ukiwa bado ndani ya Windows

Kabla hujafuta chochote, fungua Windows uliyonayo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua "Device Manager", halafu fungua sehemu ya "Network adapters". Utaona majina mawili au zaidi. Bonyeza mara mbili jina la kadi ya waifai, nenda kwenye "Details", na katika orodha ya juu chagua "Hardware Ids". Yatatokea maandishi ya namna hii:

PCI\VEN_14E4&DEV_4315

Tarakimu nne zinazofuata VEN ni za mtengenezaji wa chipu, na nne zinazofuata DEV ni za chipu yenyewe. Ziandike kwenye karatasi, au zipige picha kwa simu. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 168C ni Atheros, 14C3 ni MediaTek, 14E4 ni Broadcom. Ukiona 14E4, usifute kitu siku hiyo. Soma kwanza mpaka mwisho wa makala hii.

Sasa ingia kwenye simu na utafute tarakimu hizo kwa mpango huu, 14e4:4315, pamoja na neno Linux. Upo pia mkusanyiko wa linux-hardware.org ambako watu hupeleka taarifa za kompyuta zao, na unaweza kuona wenye chipu kama yako wamefanikiwa na toleo gani. Tafuta kwa tarakimu. Ukitafuta kwa jina la laptopu utapotea.

Jaribu bila ya kusakinisha

Hili ndilo tulilopaswa kulifanya usiku ule. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi, ikafanya kazi yote, bila ya kugusa diski ya kompyuta. Unahitaji flashi ya GB 8. Faili la Linux Mint ni karibu GB 3, kwa hivyo ikiwa bando lako ni la kupimia, tafuta ndugu aliyekwisha kulipakua umnakilie. Faili hilo huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kulikopi tu kama unavyokopi picha hakutoshi. Na kumbuka kuwa vilivyomo kwenye flashi vitafutika, basi usitumie ile yenye darsa za Ramadhani.

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagulia mahali pa kuanzia. Kwenye Dell na ThinkPad ni F12, kwenye HP ni F9, kwenye Mac za Intel unashikilia Option. Ukiona chaguo la "Try", lichague hilo. Mint hufunguka moja kwa moja.

Ukishaingia, usitosheke kuona alama ya waifai pembeni. Jiunge na mtandao, fungua video, iache dakika kumi. Halafu sogea na laptopu mpaka chumba ambacho mtoto husomea, maana kuna kadi zinazoshika mtandao karibu na kisanduku tu. Chomeka na waya wa mtandao ikiwa nyumbani upo. Zote zikifanya kazi, sakinisha kwa amani. Zisipofanya kazi, hujapoteza chochote: zima, chomoa flashi, Windows yako ipo kama ilivyokuwa.

Kusoma majibu ya kompyuta

Ikiwa waifai haikuonekana, ukiwa bado kwenye flashi ile ile, fungua terminali na uandike:

lspci -nnk

Maneno mengi yatapita. Tafuta mstari wenye "Network controller". Ule wenye "Ethernet controller" ni wa waya. Kadi iliyo sawa itaonekana hivi:

03:00.0 Network controller [0280]: Intel Corporation Wi-Fi 6 AX200 [8086:2723]
Kernel driver in use: iwlwifi
Kernel modules: iwlwifi

Mstari wa "Kernel driver in use" ndio hukumu. Ukiwepo, draiva imeishika kadi, na kama bado hakuna mtandao basi sababu ni nyengine. Andika rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes", kuna swichi ubavuni au kitufe chenye alama ya mnara kilichozimwa, ukiona "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock all. Tumewahi kuletewa laptopu kutoka Pemba, imevuka bahari kwa boti, na tatizo lake lilikuwa swichi.

Inawezekana pia draiva ipo na fimuwea haipo. Andika sudo dmesg | grep -i firmware, na ukiona maneno "Direct firmware load" yakifuatiwa na "failed", basi jina la faili linalotakiwa limeandikwa hapo hapo.

Ikiwa chini ya kadi hakuna mstari wowote wa draiva, kiini ulichonacho hakiijui chipu hiyo. Angalia umri wake kwa uname -r. Chipu mpya inataka kerneli mpya: Intel AX200 imeingia kuanzia kerneli 5.1, MediaTek MT7921 kuanzia 5.12, na Realtek 8852AE kuanzia 5.16. Mafundi wengi bado wanatembea na flashi ya Ubuntu 20.04, ambayo ilitoka ikiwa na kerneli 5.4. Ukiichomeka kwenye laptopu yenye MT7921 haitoona kitu, na fundi atakwambia Linux haifai. Tafuta toleo jipya kabla ya kuamini.

Kwa kadi za USB, amri ni lsusb, na tarakimu zake zina mpango ule ule.

Dawa ya kuku na yai

Chomeka simu yako ya Android kwenye laptopu kwa waya wa kuchajia, ule unaopitisha data. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspot, washa "USB tethering". Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya, na kwa kawaida hutohitaji draiva yoyote. Hapo umepata intaneti. Kabla hujafanya chochote, zima masasisho yanayojiendesha yenyewe, la sivyo bando litakwisha kabla hujafika kwenye shughuli yako.

Laptopu yetu ya kwanza ilikuwa na 14e4:4315, yaani BCM4312. Iliyoitaka ni hii tu:

sudo apt update
sudo apt install firmware-b43-installer

Zingatia kuwa kifurushi hiki chenyewe hupakua fimuwea kutoka intaneti wakati kinaposakinishwa. Kukibeba kwenye flashi kutoka kwa rafiki hakusaidii. Lazima mtandao uwepo wakati huo. Tukazima, tukawasha, waifai ikaonekana.

Ya pili ilikuwa na 14e4:4365, BCM43142. Hii inataka draiva ya Broadcom wenyewe, kifurushi kiitwacho bcmwl-kernel-source katika Ubuntu na Mint, broadcom-sta-dkms katika Debian. Tulikisakinisha, tukawasha upya, na hakikufanya kazi. Tulikaa nayo siku nzima. Sababu ilikuwa Secure Boot, ulinzi unaozuia draiva isiyo na saini. Wakati wa kusakinisha mfumo ulituomba tuandike nywila, na kompyuta ilipowaka ukatokea ukurasa wa buluu wenye maneno "MOK management". Sisi, kwa haraka, tukaupita. Pale palitakiwa tuchague "Enroll MOK" na kuandika ile nywila. Ukiupita, draiva inabaki imezuiliwa na hakuna anayekwambia kwa nini.

Ukilazimika kununua kadi

Kwanza, usikimbilie kubadilisha kadi ya ndani. Baadhi ya ThinkPad na HP za zamani zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, na ukiweka nyengine kompyuta inagoma kuwaka mpaka uitoe.

Kadi ya USB ni salama zaidi, lakini hapa napo jina la boksi linadanganya. Mfano maarufu ni TP-Link TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, inayofanya kazi na Linux vizuri mno. Toleo la pili na la tatu, kwa jina lile lile na umbo lile lile, yana chipu ya Realtek RTL8188EUS, ambayo kwa muda mrefu imewasumbua watu na inataka kerneli za karibuni. Tafauti utaiona kwa herufi ndogo tu kwenye stika, V1 au V2. Muuza duka huenda hajui, na hatumtuhumu.

Basi ukinunua, Darajani au popote, nenda na laptopu yako na ile flashi, uchomeke pale pale na uandike lsusb. Kama haiwezekani, au unaagiza kutoka ng'ambo ya bahari, kubaliana na muuzaji wakati wa kuuziana kuwa una khiyari ya kujaribu na kurejesha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, khiyari ya sharti mwisho wake ni siku tatu, nazo zinatosha kabisa kujaribu kadi. Isemwe wazi kabla ya kuachana. Na ikiwa muuzaji alisema ni V1 na ndani ikatoka V2, hilo ni suala jengine. Bidhaa haikuwa kama ilivyosifiwa, na mnunuzi ana haki ya kuirejesha hata kama hawakuwekeana sharti.

Mwenye kutuandikia kuhusu jambo hili, tunamuomba asituandikie "laptopu yangu haishiki waifai" akaishia hapo. Atutumie picha ya majibu ya lspci -nnk au lsusb, majibu ya uname -r, na atwambie kama amejaribu kwa flashi au ameshasakinisha. Kwa vitu hivyo vitatu tunaweza kumjibu siku hiyo hiyo in shaa Allaah.

Na zile kadi mbili za USB bado tunazo. lsusb inazionesha kuwa 0cf3:9271, yaani Atheros ile ile iliyosifiwa hapo juu. Tuliipata kwa bahati, si kwa ujuzi. Aliyekwama bila ya mtandao na simu yake haina uwezo wa tethering, atuombe tumuazime moja kwa siku mbili, amalize kazi yake, airejeshe.

Wa Allaahu A'lam.